Waliohudhuria

Daftari la kwanza lina jalada la kijani, mchwa wamelila pembeni.
Mwandiko ni wangu wa ujana, herufi zimelala kama mpunga uliopigwa na mvua:
"Klabu ya Huduma, Newala. Alhamisi ya pili ya mwezi.
Waliohudhuria" – majina kumi na manane:
Hokororo wa chama cha msingi, Mwalimu Lukanga, Nangomwa mwenye gesti,
Millanzi wa duka la dawa, na wengine wenye viatu vya ngozi.
"Waalikwa: S. Nampota."
Huyo ni mimi, Somoe.
Mwalikwa kwa miaka kumi na mmoja.

Nilialikwa kuandika.
Nilialikwa pia kuchemsha chai, ingawa hilo halikuandikwa,
na kujua nani anakunywa bila sukari.
Kifungu cha tatu kilisema mwanachama ni mwanamume mwenye sifa njema.
Nilikinakili mwenyewe kwa mkono, nakala ishirini,
siku mashine ya Nangomwa ilipokaukiwa wino.

Siku ya tangi ilikuwa msimu wa korosho,
mifuko imejaa, sauti zimenona.
Zahanati ya ukingoni haina maji. Hoja: tununue tangi.
Hokororo akasema lita elfu moja.
Lukanga akasema elfu tano, ndiyo heshima,
na jina la klabu liandikwe kwa buluu, lionekane toka barabarani.
Buluu ilijadiliwa dakika arobaini.
Kisha Millanzi, mtu wa vipimo, akauliza:
kwani mzazi mmoja anahitaji maji kiasi gani?

Niliandika, "Wajumbe walinyamaza."
Nikaitazama sentensi ile, wino haujakauka.
Nikaweka kalamu chini
nikasema, ndoo saba.
Saba, mambo yakienda vizuri.
Ya mdogo wangu Fidea hayakwenda vizuri. Zilikuwa kumi na mbili,
tulizipandisha toka bondeni mimi na mkwewe, ile njia ya genge,
na ya kumi na mbili
ilikuwa ya kumwosha.

Yaliyofuata hayamo daftarini.
Mistari minne mitupu. Nimeiacha.

Kura ya kifungu cha tatu ilipigwa mwezi wa pili yake:
kumi walikubali, sita walikataa,
wawili walitazama dari.
Mmoja wa hao wawili nilirudi naye nyumbani jioni ile,
nikampakulia ugali.
Hatukuzungumza mpaka Jumapili.

Sasa daftari ni la tano. Wanawake tuko tisa.
Sisemi tumeleta pepo: Esha Likwachala hajalipa ada tangu Machi,
na mimi naye bado tumenuniana kuhusu vyerehani.
Kengele ya mezani ni nzito kuliko nilivyodhani,
na kiti kina mguu mmoja mfupi.
Miaka yote ile hakuna aliyesema,
wenyeviti walikuwa wakiyumba kimyakimya.
Nilipekua kabati, nikapata nakala moja ya kifungu cha tatu cha zamani,
nikaikunja mara sita, nikaitia chini ya mguu.
Kimetulia.

Katibu ni Dastani, kijana wa benki.
Mkutano wangu wa kwanza aliinua kalamu, akaona haya, akauliza:
Mama, wewe nikuandikeje?
Nikamfungulia daftari la kijani, mstari wa juu kabisa:
"Mwenyekiti alifungua mkutano saa kumi na nusu."
Akausoma mara mbili. Akaunakili.
Haukubadilika hata herufi.
Lugha iliuacha mlango wazi siku zote;
waliokuwa wameufunga ni wenye funguo.

Chai ilichelewa siku hiyo.
Lukanga ndiye aliyekwenda jikoni, akasahau tangawizi.
Tuliinywa hivyohivyo.
Suala la tangawizi limo kwenye yatokanayo,
namba nne.