Kanuni ya Koti

Kitabu chenyewe ni nakala ya nakala,
wino umefifia kama mistari ya kiganja cha dobi,
na ukurasa wa kumi na mbili haupo tangu tukipate.
Kiliandikiwa mapango, mazimwi, dhahabu iliyofukiwa,
wenye panga ndefu na wachawi wenye ndevu.
Sisi tunataka Burma, mwaka wa arobaini na nne.

Jumamosi, Bondeni, nyuma ya duka la vipuri la Wamaitha.
Mezani blanketi la kijivu; vitabu chini yake ndiyo milima,
uzi wa samawati ndio mto Chindwini.
Askari ni vifuniko vya soda. Wa Kijapani tumewapindua.
Dadu ya pande ishirini kaichonga Nyagaka
kwa jiwe la Tabaka, na haikukaa sawa:
inapenda kumi na saba
kama mlevi anavyopenda njia ile ile ya kurudi.
Tulikubaliana kuisamehe.

Kazi ya kwanza, kufuta.
Nikashika kalamu nyekundu. Mchawi, toka.
Mpira wake wa moto ubaki, tuuite kombora.
Zimwi... hapo Kipng'eno akainua mkono:
"Liache. Libadilishe jina tu. Liite malaria."
Tukaliacha. Kila alfajiri kila mtu arushe dadu,
na kabla hatujaufikia uzi wa samawati
zimwi lilikuwa limekula vifuniko saba
wala hakuna aliyefyatua hata risasi.

Halafu uhai. Humu kitabuni shujaa ana pointi arobaini;
unamkata, anavuja, anakunywa dawa, anasonga.
Wamaitha, aliyesomea uuguzi, akacheka kwa pua:
"Risasi haipunguzi. Risasi inaamua."
Basi tukampa kila mtu sita,
na bunduki tukaipa dadu ya pande nane.
Piga hesabu mwenyewe.
Tuliipiga, chumba kikanyamaza;
nje fundi alikuwa akijaribu honi ya pikipiki, tena na tena.

Dhahabu ikatushinda.
Zamani ulipanda cheo kwa mali uliyoitoa shimoni.
Vitani unatoa nini? Nani anakupimia?
Nyagaka akasema, adui. Kipng'eno akasema, siku.
Niliandika "siku", nikaikata, nikaandika "wenzako",
nikaweka alama ya kuuliza, na ipo mpaka leo.

Kwenye mavazi ya kujikinga ndipo tulipogombana.
Deraya ya chuma, tano. Ngao, moja.
Nikaongeza: sare ya kaki, sufuri.
Makokha akaweka kikombe chini.
"Na koti?"

Koti gani? Huko ni joto, ni matope, ni ruba.

"La kurudia. Babu alipewa koti zito siku ya kuachwa na jeshi,
koti, na pesa zisizofika ng'ombe mmoja.
Treni ikamlaza hapa Nakuru, stesheni, usiku kucha.
Akalivaa. Hakulivua miaka thelathini.
Alipalilia nalo. Alizika nalo watu wake.
Radi ikipiga Kimilili, aliingia nalo chini ya kitanda,
na nyanya akakaa juu, akimhesabia mpaka ipite."

Koti halizuii risasi, nikamwambia.

"Sijataja risasi."

Nikapekua kitabu mbele na nyuma.
Kuna jedwali la mitego, la milango iliyofungwa,
kuna jedwali zima la aina za kuvu.
La kurudi nyumbani hakuna,
labda lilikuwa ukurasa wa kumi na mbili.
Nikachukua penseli, nikaandika pembeni:

Koti la jeshi.
Dhidi ya risasi: sufuri.
Dhidi ya baridi ya stesheni: nne.
Dhidi ya radi: rusha dadu, na mwenzako akuhesabie.

Makokha akasoma taratibu, kidole chini ya kila neno.
Akaomba kifutio. Akafuta "nne", akaandika "tatu".
"Lilikosa vifungo viwili," akasema,
akaivuta dadu upande wake.