Safu ya Mwisho

Baba alikuwa karani wa kituo, Buhimaya, Ukerewe,
darasa la tatu B, madawati yamesukumwa ukutani.
Kila baada ya miaka mitano alinakili fomu ya mlangoni
kwenye daftari la mistari.
Nyuma ya jalada, jedwali la kuzidisha.
Mbele, jina lake, Mazigo,
na chini yake: "Si la watoto."

Sasa ninalo hapa Isamilo, chumba kimeegemea jiwe
lililotangulia nyumba, kata na jimbo,
na Dokta Rwehumbiza ananisubiri chuoni.
"Usiniletee hadithi," alisema. "Niletee mwelekeo."

Basi nachora.

Tisini na tano: waliojiandikisha mia nne kumi na wawili,
waliopiga, mia tatu sabini na mmoja.
Elfu mbili: mia mbili na watatu.
Mstari unaporomoka kama mbuzi aliyekosa jabali.
Vitabu vina neno lake: kukata tamaa.
Nikaliandika. Likakaa vizuri kwenye sentensi
kwa siku mbili,
mpaka nilipoona pembeni, kwa penseli, mwandiko wa baba:
"giza".

Nikadhani siasa.
Nikampigia Bi Nyamiti, mwenye mitumbwi miwili
na ulimi unaotosha mitatu.
Akacheka hadi simu ikakwaruza.
"Giza, mwanangu! Mwezi haupo, dagaa wamejaa kwenye karabai,
wanaume wote wako kambini, visiwa vya mbali huko.
Nani arudi nchi kavu kuchovya kidole?"

Elfu mbili na tano uchaguzi ukasogezwa hadi Desemba,
mwezi mpevu, nyavu zimeanikwa,
wanaume wamejaa nyumbani wakikwaza sufuria:
mia nne thelathini na mmoja.
Vitabu vina neno la hilo pia.
Mwamko.

Nimefuta yote mawili. Nimebaki na mwezi,
na sijui mwezi unanukuliwaje.

Kuna safu ya zilizoharibika.
Mara moja tisa; uchaguzi uliofuata, arobaini na nne.
Baba akaeleza kwa ufupi wake:
"Zote zimeandikwa neno moja. Maji."
Kutoka dirisha la tatu B ziwa liko umbali wa kutema mate,
na bomba liliahidiwa tangu sijaota meno ya pili.
Kule juu, kwenye jumla ya jumla,
watu arobaini na wanne wameitwa makosa.

Lakini ninayoirudia usiku, taa imezimwa, kioo kinaniwakia usoni,
ni safu ya mwisho,
ya mgombea ambaye jina hubadilika
na kura zake hazina haraka:
nne. Nne. Tatu. Mbili. Moja.
Dokta atasema ni kelele tu, sampuli ndogo mno.
Ila mimi nawajua waliozikwa Buhimaya kwa mpangilio huo:
Kachwele fundi baiskeli,
kisha mwalimu wa kwaya aliyegombana na kwaya,
kisha mama.

Na baba, tulipomuuliza alimpa nani,
aliweka kidole kile chenye wino juu ya midomo
akaendelea kuchambua kunde.

Alifariki mwezi wa tatu. Oktoba yake
kijana aliyerithi kalamu akanitumia picha ya fomu.
Nilikuwa nimeshaandika sifuri, nikiri,
nimeshaandika na aya nzima ya kuililia.
Nikaivuta picha, nikaikuza mpaka namba ikawa vumbi.

Mbili.

Nani? Sikupiga kura kule. Kaka yuko Geita.
Nikampigia tena Bi Nyamiti.
Akakohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi,
halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu mwenye shughuli,
dagaa Kirumba leo wanakwenda shilingi ngapi.