Sikio la Mfinyanzi

Mama yangu, Eleuteria, hakujua noti hata moja.
Alijua udongo: mwekundu wa bondeni,
na ule wa kijivu wa nyuma ya makaburi
unaonukia mvua ya jana.
Gurudumu hakuwa nalo. Aliuzunguka mtungi yeye mwenyewe,
kinyumenyume, pekupeku,
kama anayecheza na mgeni asiyetaka kumpa mgongo.

Ijumaa vyungu vilichomwa uani kwa kuni za msonobari,
ukungu ukishuka kutoka Zempoaltépetl
kuja kuonja moshi.
Asubuhi alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole.
Kizima hulia, alisema. Chenye ufa hukohoa.
Vya kulia vilipanda mgongoni kwenda sokoni Ayutla.
Vya kukohoa vilibaki kwetu.
Tulikula maharage katika vipande,
maana mfinyanzi hulia gaeni,
nami nilikuwa bado sijasikia machozi ndani ya neno hilo.

Kwetu mtoto hufundishwa kupuliza kabla ya kujumlisha.
Bendi ina watu thelathini na wanane,
nusu yao hawajaota ndevu.
Mimi nilipewa klarineti, funguo mbili zimefungwa kwa mpira.
Mjomba Filogonio aliivaa tuba
kama wengine wanavyovaa blanketi,
na alipovuta pumzi, mbwa walisogea.

Akafa Julai, barabara imekatwa na maporomoko.
Bendi ya ng'ambo ya korongo ilikuja kwa miguu,
ngoma kubwa imefunikwa nailoni,
matope hadi magotini.
Hatulipani sisi. Leo unanizikia,
kesho nakuchezea harusi,
na deni hilo hakuna anayetamani liishe.
Walipiga hadi midomo ikavimba.
Zenaida akawapa uji wa mahindi, akamwaga tepache kidogo chini,
ardhi ikanywa kwanza.
Mama hakutoa sauti.
Nilimkuta jikoni, kigae mapajani,
maharage hayajaguswa,
analia humo.

Tuba ikabaki imeegemezwa ukutani, mdomo juu.
Kuku akaingia, akataga.
Nilitaka kumfukuza; mama akanizuia:
Mwache. Angalau yeye anaitumia.

Vifaranga walipotoka, saba na mmoja kilema,
mama alikung'uta majani, akapangusa shaba kwa majivu,
akaigonga kwa kifundo kile kile,
akainamisha kichwa, akasikiliza muda mrefu
kuliko alivyowahi kusikiliza chungu chochote.
Akaniwekea begani.

Kwanza yalitoka manyoya.
Kisha upepo.
Kisha kitu kama ng'ombe aliyekwama mtoni.
Ukungu ulikuwa mlangoni, mikono ya mama ndani ya udongo.
Nikasema, labda ina ufa.

Tuba ni nzima, akajibu bila kugeuka.
Anayekohoa ni wewe.
Rudia.