Wa Kumi

Funguo za maabara ninazo mimi.
Usitarajie chupa zitoazo moshi, wala panya weupe.
Kuna meza sita, kompyuta sita, mapazia ya kijivu,
na friji ambayo Radomir ameibandika karatasi:
"Maziwa haya yana mwenyewe."

Profesa Halszka hufikiri. Mimi huhesabu:
bahasha, stempu, zloti ishirini ishirini
za wanaokuja Alhamisi kujibu maswali,
saini za ridhaa, saa za wanafunzi,
fomu za kamati ya maadili ambazo kila zikirudi
hurudi na njaa ya fomu nyingine.

Nikiulizwa nyumbani kazi yetu ni nini
nasema: tunatafuta namna ya kumsogeza mtu
bila kumpiga kikumbo.
Kiwiko tu, kidogo, ubavuni.
Mume wangu, akimenya viazi:
kiwiko nacho ni mfupa.

Mwaka huu manispaa ya Łódź inadai ada ya taka.
Tukapewa anwani elfu nne.
Barua A: "Tafadhali lipa kabla ya tarehe kumi na tano."
Barua B ni hiyohiyo, na sentensi moja juu yake:
"Majirani zako tisa kati ya kumi wameshalipa."
Sentensi hiyo ilitulaza macho majuma matatu.
Wamelipa, au wameshalipa?
Profesa aliing'ang'ania hiyo "sha":
ina haraka ndani yake, alisema,
inamwacha mtu nyuma.

Tulizikunja mimi na Jagna, siku nne,
theluji dirishani, gundi kwenye ulimi.

Juma la tatu B ikaipita A
kwa pointi nne na nusu.
Radomir akaleta keki ya jibini.
Profesa akaandika nne na nusu ubaoni, akaizungushia duara,
kisha duara jingine.
Nami nikaomba risiti ya keki.

Ndipo ikaja bahasha yenye mwandiko wa mkono.
Bibi Genowefa Szczepanik, mtaa wa Wschodnia,
ghorofa ya tatu, uani.
Noti ndani, zimekunjwa mara nne, na maneno haya:

"Nimelipa, msinidai tena.
Ila nilishuka ngazi na tochi kuwatafuta hao tisa.
Kwa akina Kmiecik mlango umepigiliwa mbao tangu mwaka juzi.
Kwa fundi cherehani wanakaa njiwa.
Ghorofa ya pili dari imeangukia beseni la kuogea.
Bwana Teofil wa mkabala tulimzika Februari,
na alikuwa mdaiwa sugu, Mungu amrehemu.
Kama majirani zangu wameshalipa
niambieni wamehamia wapi,
nikawape salamu."

Profesa aliisoma akiwa amesimama.
"Ni wastani wa jiji," alisema. "Si uongo."
Akaisoma tena, akiwa ameketi.
Hakuna aliyegusa keki.

Kwenye jedwali nilitafuta mstari wake.
Kundi: B. Amelipa: moja.
Safu ya maoni hubeba herufi arobaini;
niliandika "njiwa", nikafuta,
nikaacha wazi.
Hivyo naye yumo ndani ya nne na nusu,
tone la wino ndani ya duara.

Maabara hairuhusiwi kupokea fedha taslimu.
Nilipanda tramu hadi kwa mhasibu wa manispaa,
nikapanga foleni kwa jina lake,
nikapewa stakabadhi yenye muhuri.
Kanuni haziniruhusu kubisha kwake: ni mshiriki,
na mshiriki haguswi, hata kwa kiwiko.
Nikaitia stakabadhi kwenye bahasha.
Kalamu nilikuwa nayo. Nafasi ilikuwepo, mistari mitatu hivi.
Kila sentensi niliyoifikiria
ilitaka kumfanya afanye kitu.

Nikalamba gundi, nikafunga.
Jioni nikazima taa, nikageuza ufunguo mara mbili,
na nikishuka ngazi za jengo letu wenyewe
nikajikuta nahesabu milango.