Ukoko wa Pembeni

Mananasi mawili ya Kiwangwa,
si yale ya barabarani yaliyopigwa jua hadi yakaingia maji.
Nayabonyeza kitako, nayanusa,
muuzaji ananitazama kana kwamba nachagua mkwe.

Nayamenya jikoni kwetu Nianjema.
Macho yake nayachimba moja moja kwa ncha ya kisu,
maana jicho likibaki linawasha ulimi,
na ulimi wa shangazi Chausiku
hauhitaji kuchokozwa.

Boflo la juzi nalifikicha kwa viganja.
Samli, vijiko vitatu.
Sukari guru, kipande cha kidole gumba.
Iliki. Halafu chumvi,
na hapo jiko zima linanyamaza.
"Chumvi? Kwenye nanasi?"
Kila Idi anauliza. Kila Idi namjibu
kwa kuongeza pilipili manga.
Tui zito namimina mwisho.

Mjomba Kibwana ndiye aliyenitetea mwaka ule wa kwanza,
wageni walipoizunguka trei yangu
kama kuku wanaozunguka kitu wasichokijua.
Alichota, akatafuna, akafumba jicho moja.
"Hiki chakula cha mtu mwenye siri," akasema,
akaivutia upande wake.
Toka siku hiyo pembe ya kushoto ikawa yake,
pale moto wa chini unapozidi,
tui likashikana na sukari
likawa jeusi, gumu, tamu, chungu kidogo.
Alikwangua mpaka trei ikalia,
na mkewe kila mara: "Acha, bwana, utatutobolea trei."

Napanga makaa: machache chini,
mengi juu ya bati nililofunikia.
Makaa hayataki pupa, wala hayataki kusahauliwa.
Takbira za msikitini zinanifikia vipande vipande.
Nanasi linaanza kutoa povu kandokando,
harufu inapenya chini ya mlango,
inakwenda kuwaita watoto kabla sijawaita.

Nilihesabu sahani thelathini na mbili,
nikarudisha moja kabatini.

Mchana tunakaa mkekani.
Pilau linakuja, na kuku, na kachumbari,
na trei yangu katikati, bado inafuka.
Shangazi Chausiku leo haulizi habari ya chumvi.
Anachota mara mbili, anachanganya na pilau, kimya.
Mikono inakula toka kulia, inakula toka katikati,
kuku anabaki mifupa, kachumbari inabaki maji,
na pembe ile ya kushoto
imebaki nzima, nyeusi, kama kiti
ambacho hakuna aliyeambiwa asikikalie.

Mkewe anaiangalia. Mimi naangalia mkeka.

Ndipo Pazi, mtoto wa Tatu, miaka minne,
asiyejua lolote kuhusu pembe za watu,
anapiga goti, kijiko amekishika kama jembe,
anakwangua.
Trei inalia.

Tunageuka wote.
Na mjane, sauti ikimkwama kidogo njiani,
anasema, "Acha, bwana, utatutobolea trei,"
huku anaisogeza
karibu na mtoto.