Zamu ya Kunyamaza

Slaidi zilikuwa thelathini na moja;
Yerko alizilinda kama meno yake.
Usiku, juu ya duka la viatu la shangazi yake,
tulizing'oa moja moja. Zikabaki sita.

Nani afungue pazia? Mimi, nikasema, sauti ninayo.
"Sauti unayo," Eliseo akakohoa, "ukungu huujui.
Rayén ndiye aliyepanda mlima na nyavu mgongoni."
Rayén, ambaye neno maji humkwama kooni
kama mwiba wa samaki.

Saa ya jikoni ilitupima: dakika kumi na moja.
Tisa. Saba na ushei.
Maswali tukagawana kama wapangaji
wagawanavyo zamu za bafu.

Asubuhi, Coquimbo, mbele ya watu watano wenye kalamu za benki,
"M... m..." Rayén akaanza,
nami nikaubana ulimi menoni nisimsaidie.
Akaacha. Akafungua chupa, akamimina ukungu wa jana kwenye glasi,
akamsogezea mama mwenye miwani.
Mama akanywa.
"Lita moja ni bei gani?"

Bei ilikuwa ya Eliseo.
Eliseo akajibu,
na sisi watatu tukanyamaza kwa pamoja,
kama tulivyofanya mazoezi.