Mirija ya Shaba

Miaka thelathini na mmoja nilikaa juu ya ngazi,
katika kijumba cha vioo kinachotazama duka zima,
na pesa zilinifuata huko huko kwa mirija.
Muuzaji aliviringisha noti pamoja na risiti,
akazitia ndani ya kopo la shaba, akalisokomeza ukutani,
hewa ikalimeza, fyuuu,
likatua mkononi mwangu lingali na joto la kiganja chake.
Nikahesabu. Nikarudisha chenji.
Nilizijua idara kwa pua:
noti za viatu zilinuka ngozi, za vitambaa chaki,
za Jumamosi, zote, zilinuka ng'ombe.

Mzee Nasif hakuanza na ngazi wala vioo.
Alitoka milima ya Lebanoni na sanduku mgongoni
akaja kuitembea Dakota, nchi tambarare
ambako kilima ni uvumi tu.
Sindano, vifungo, lesi, marashi ya kupima kwa tone.
Tufani ya theluji ilimbwaga mlangoni kwa bibi yangu;
huyu Kinorwe chake, yule Kiarabu chake,
wakapatana bei kwa vidole.
Alilala siku tatu kando ya jiko.
Alipoondoka aliacha mkasi, bila kuuandika popote.

Kisha chumba kimoja mkabala wa stesheni,
na kibao: HADAD NA WANAWE.
Wakati huo hakuwa hata na mchumba.

Mwaka ngano ilipogeuka vumbi
aliandika madeni yetu kwa penseli.
"Na wino, je?" baba alimuuliza.
"Wino," alisema, "ni wa watu wasiojua kusahau."
Wahenga husema mali bila daftari huisha bila habari.
Lake lilikuwapo, nene kama tofali,
na kando yake, daima, kifutio.

Wana walikuja, kibao kikaacha kusema uongo.
Mikail aliuza makoti kwa kumgusa mtu bega tu.
Tanius hakugusa mtu. Alinunua ramani.
Pini nyekundu Fargo, pini Bismarck,
pini mbili Montana kwa mwezi mmoja.
Watu walisema: duka limetoa matawi.
Nami kule juu nilijiuliza
kwa nini kila tawi jipya
huja kunywa kwenye mrija wangu.

Haba na haba hujaza kibaba, kweli.
Hakuna aliyeniambia kwamba kibaba kikijaa
huhamishiwa Minneapolis.

Mjukuu, Filip, alikuja na tai nyembamba.
Maduka arobaini na saba, alisema,
na hili letu, la kwanza, ndilo lisilolipa.
Alisema kwa upole. Alinigusa bega kama Mikail,
ila hakuwa na koti la kuniuzia.

Mafundi walipong'oa mirija
kopo moja lilidondoka kutoka kwenye kona, nyuma ya idara ya glavu.
Ndani: noti ya dola tano, risiti ya Desemba 1951,
mwandiko wa Arnhild Moe.
Arnhild, aliyeapa kwa Mungu kwamba ameituma.
Nami niliyesema sikuipokea.
Nilisema kweli.
Tanius akaliandika jina lake kwa wino.
Alikuwa na miaka kumi na tisa; alipanda treni ya saa nne usiku
na mji ukaendelea kununua glavu.

Nikayaandikia makao makuu, nikaambatisha noti.
Niliomba wamtafute, au waseme neno tu.
Baada ya wiki sita wakajibu, kwa mashine:
asante, mteja wetu mpendwa,
na kuponi ya punguzo, asilimia kumi,
itumike katika tawi lolote lililo karibu nawe.

La karibu liko maili mia moja na arobaini.
Kuponi nimeitia kwenye droo, chini ya mkasi wa Nasif.
Mkasi bado unakata.